Kabla Hujalipia Mabati: Jinsi ya Kuchagua Paa la Nyumba ya Familia

Tulipoamua kumjengea Mama nyumba mpya kule Kitui, ukuta haukutusumbua. Mambo ya matofali tulikubaliana kwa siku moja. Kisha tukafika kwenye paa, na kundi letu la familia la WhatsApp likawaka moto. Kaka yangu mkubwa alitaka vigae kama vya mitaa ya Nairobi. Dada yetu alitaka mabati ya rangi ya maruni kwa sababu jirani anayo. Mimi niliyepewa kazi ya kushika pesa, nilikuwa nahesabu tu. Wiki mbili nzima tukitumiana picha za mapaa. Mwishowe mtu akakumbuka kumuuliza mwenye nyumba.

"Mama, wewe unataka paa gani?"

"Lile litakalonipa maji, mwanangu," akajibu. "Hayo mengine ni ya kuangaliwa na wageni."

Hapo mabishano yakapoa. Lakini swali la pesa lilibaki, na tulikuwa na sababu ya kuliogopa. Nyumba ya zamani ya Mama tuliiezeka kwa kumtumia fundi pesa zote kwa simu, yeye akaenda kununua. Mabati yaliyofika yalikuwa mepesi kuliko tuliyolipia, na hakuna aliyejua mpaka kutu ilipoanza kuzunguka matundu ya misumari na upepo ukainua mabati mawili usiku. Tulipotaka kulalamika, hatukuwa na risiti wala jina la duka. Tulichokuwa nacho ni ujumbe mmoja tu wa simu unaosema pesa zimetumwa kwa nambari ya fundi. Fundi naye alikuwa amehamia kwingine.

Makala hii ni yale tuliyojifunza kati ya paa lile na hili la pili. Ikiwa unajenga, au unawajengea wazazi nyumbani, soma kabla hujaweka PIN yako.

Jiulize maswali manne kwanza

Kabla hujaangalia rangi, jiulize hivi. Nyumba iko wapi? Je, nitavuna maji ya mvua? Kuta na mbao zangu zinaweza kubeba uzito gani? Na paa hili litanigharimu pesa ngapi kwa kila mwaka litakaokaa?

Swali la kwanza lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa Kilifi au Lamu anaishi na hewa ya chumvi, na chumvi hula bati haraka. Mtu wa Kitui au Garissa anapambana na jua. Mtu wa Kericho anapata mvua nyingi, kwa hiyo anahitaji mwinuko mzuri na gata zisizozidiwa. Bati lililomfaa binamu yako huenda lisikufae wewe.

Vifaa vilivyoko sokoni

Mabati ya kawaida ya zinki. Haya ndiyo yale meupe ya mawimbi tuliyokulia chini yake. Ni chuma kilichopakwa zinki. Zinki hujitoa mhanga: yenyewe huliwa kwanza ili chuma kisipate kutu. Ikiisha, chuma kinabaki wazi, na hapo wekundu unaanza. Kwa hiyo kinachoamua maisha ya bati ni wingi wa zinki pamoja na unene wa chuma.

Mabati ya aluzinki. Hapa chuma kimepakwa mchanganyiko wa takriban asilimia 55 alumini, karibu asilimia 43 zinki na silikoni kidogo. Kwa kawaida hustahimili kutu kwa muda mrefu kuliko zinki peke yake. Ukiona maandishi kama AZ150, maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko huo kwa kila mita mraba, ukijumlisha pande zote mbili. AZ70 ina chini ya nusu ya hiyo. Mabati mengi ya rangi yana aluzinki au zinki chini ya rangi, na rangi yenyewe haikuambii ni kiasi gani. Uliza.

Vigae vya chuma vyenye chembe za mawe. Wengi huviita Decra, ingawa hilo ni jina la kampuni moja tu kati ya kadhaa. Ni chuma kilichopakwa aluzinki kisha kikagandishwa chembe za mawe juu. Vinapendeza, havipigi kelele sana mvua ikinyesha, na si vizito sana. Bei iko juu, na fundi asiyevizoea atakuharibia. Kama unavuna maji, jua kwamba chembe zilizolegea huteremka na mvua za mwanzo, kwa hiyo acha mvua hizo zipite kabla ya kuunganisha tangi.

Vigae vya udongo na vya saruji. Hivi hudumu miaka mingi na nyumba hukaa na ubaridi. Shida ni uzito. Mita moja mraba inaweza kufika kilo 40 na kuzidi, na mbao za kubeba mzigo huo lazima ziwe nyingi na nene. Kaka yetu alipopigiwa hesabu ya mbao peke yake, alinyamaza.

Makuti. Pwani bado yanapendwa kwa sababu hakuna joto ndani. Lakini yanahitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na moto ukishika hakuna cha kuokoa. Maji yake pia si ya kunywa.

Asbesto. Usinunue, hata ukiuziwa kuukuu kwa bei ya kutupa. Imepigwa marufuku Kenya kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani. Kama nyumba uliyorithi imeezekwa nayo, usiivunje wala kuikwangua mwenyewe. Kuitoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA.

Geji: nambari inayowachanganya wengi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bati huuzwa kwa geji, na geji huenda kinyume: nambari ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 30 ni nyembamba kuliko 28. Mtu anayedhani 32 ni "kubwa" anaondoka na bati dhaifu huku akitabasamu.

Tena geji mbili zenye jina moja kutoka kwa wauzaji wawili zinaweza kutofautiana kwa unene. Kwa hiyo acha kuuliza geji peke yake. Uliza milimita. Sema hivi: "Hili bati ni milimita ngapi, na limepakwa gramu ngapi?" Mwenye duka anayejua kazi yake atakujibu mara moja.

Je, utahakikishaje? Kuna njia tatu rahisi.

Ya kwanza, soma maandishi kwenye bati lenyewe na utafute alama ya ubora ya KEBS pamoja na nambari ya kibali. Andika SMS yenye SM# ikifuatiwa na nambari hiyo, tuma kwa 20023, nawe utajibiwa kama kibali ni halali na ni cha nani.

Ya pili, tumia mizani. Chuma hakidanganyi. Mita moja mraba ya bati la milimita 0.25, likiwa limelala bapa, ina uzani wa karibu kilo 2. La milimita 0.5 lina karibu kilo 4. Chukua mabati mawili ya urefu mmoja na umbo moja kutoka maduka mawili, yapime. Lililo jepesi ndilo jembamba, hata kama yote yameandikwa geji 30.

Ya tatu, mwombe fundi mwenye kipimo cha maikromita akusaidie siku mali inaposhushwa, kabla lori halijaondoka. Lori likishaondoka, umeshanunua.

Piga hesabu ya paa lote

Watu wengi huuliza, "Bati moja ni pesa ngapi?" kisha wanazidisha. Hiyo ni nusu ya hesabu. Paa ni mabati, riji ya kufunika mgongo wa paa, misumari au skrubu, mbao, dawa ya mbao, ubao wa fasia, gata, usafiri na fundi. Ukimaliza pesa kwenye mabati mazuri kisha ukanunua mbao mbichi, paa litapinda nalo bati litaanza kuachia.

Tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 10. Ukiongeza ukingo wa sentimita 60 kila upande ili mvua isipige ukuta, unapata mita 10.2 kwa 11.2, yaani karibu mita mraba 114. Lakini paa limeinama, kwa hiyo eneo la kufunikwa ni kubwa zaidi. Kwa mwinuko wa nyuzi 20 utahitaji kufunika kama mita mraba 122. Kwa mwinuko wa nyuzi 30, ambao hutumika sana kwa vigae, ni kama 132. Mwinuko peke yake umekuongezea mita mraba 10 za mali, na mbao ndefu zaidi.

Sasa angalia uzito. Vigae vya udongo vya kilo 40 kwa mita mraba 132 ni zaidi ya tani 5 juu ya kichwa cha Mama. Mabati ya kawaida kwa nyumba hiyo hiyo huenda yasifike nusu tani. Hiyo ndiyo tofauti unayoilipia kwenye mbao na kuta.

Ukiomba bei, muulize muuzaji bati moja linafunika upana gani baada ya kulaliana na lenzake. Upana unaoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni wa bati zima, na wewe unalipia hata ile sehemu inayofichwa chini ya lenzake.

Kisha gawanya kwa miaka. Huu ni mfano wa hesabu tu, sio bei ya soko. Tuseme paa la kwanza ni shilingi 150,000 na litadumu miaka 10. La pili ni shilingi 210,000 na litadumu miaka 25. La kwanza linakugharimu shilingi 15,000 kwa mwaka, la pili shilingi 8,400. Na hapo hujalipa fundi mara ya pili, wala hujahesabu godoro lililonyeshewa. Rahisi ni ghali, wazee walishasema.

Je, kama huna hizo shilingi 60,000 za ziada leo? Ni swali la kweli, na watu wengi wako hapo. Punguza kitu kinachoweza kuongezwa baadaye. Silingi inaweza kusubiri. Rangi ya ukuta inaweza kusubiri. Unene wa bati hauongezwi baadaye.

Maji ya Mama

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja mraba ya paa inatoa lita moja ya maji. Ukumbuke hapa unapima eneo la chini lililofunikwa na paa, sio mteremko. Paa letu la mita mraba 114 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 2,280. Toa asilimia 20 ya kumwagika na kukauka, unabaki na zaidi ya lita 1,800. Hiyo ni mitungi 90 ya lita 20. Mvua tatu za aina hiyo zinajaza tangi la lita 5,000.

Nilipomsomea Mama hesabu hii kwa simu, alinyamaza kidogo. "Mitungi tisini," akasema. "Unajua mimi na punda tunaleta minne kwa safari moja?"

Ukanda wa Ukambani hutegemea sana mvua za Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo tulijua tarehe ambayo paa lazima liwe juu. Kama nawe unapanga kuvuna maji, weka gata na tangi kwenye hesabu tangu mwanzo. Gata ziteremke kidogo kuelekea tangi, ziwe na wavu wa kuzuia majani, na maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe kwa sababu yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Fundi mbaya huua bati zuri

Kuna makosa machache ambayo unaweza kuyaona mwenyewe bila kupanda ngazi.

Kwa mabati ya mawimbi, msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, sio bondeni ambako maji hupita. Uwe na mpira chini ya kofia. Skrubu zenye mpira hushika vizuri zaidi kuliko misumari, hasa penye upepo.

Bati la juu lilalie la chini kwa angalau sentimita 15, na upande wa kulaliana uwe kinyume na upepo unakotoka.

Usikubali fundi akate mabati ya rangi kwa grainda. Cheche za moto huchoma rangi na aluzinki, na baada ya miezi unaona vidoti vya kutu kila mahali. Atumie mkasi wa mabati. Akimaliza, afagie vipande vyote vya chuma vilivyobaki juu.

Saruji mbichi pia ni adui wa aluzinki. Kama kuna sehemu paa linakutana na ukuta, bati lisizikwe kwenye plasta hivi hivi.

Joto nalo? Rangi nyepesi hurudisha jua zaidi kuliko rangi nzito. Lakini kinachosaidia zaidi ni silingi pamoja na matundu ya hewa chini ya ukingo wa paa ili joto lipate pa kutokea.

Kulipa: pesa ionekane ilikopita

Mali bila daftari hupotea bila habari. Simu yako ni daftari, ukiitumia vizuri. Hivi ndivyo tulivyofanya safari hii.

Tulifungua akiba ya paa peke yake. Kila mtoto aliweka kiasi chake kila mwisho wa mwezi, na tukaifunga hadi Agosti. Pesa ya paa ikikaa pamoja na pesa ya unga, itageuka unga.

Tuliomba bei kwa maandishi kutoka hadiwea tatu, zote kwa maelezo yale yale: milimita, gramu za kupaka, urefu, idadi, riji, misumari na usafiri. Bila hivyo unalinganisha ng'ombe na mbuzi.

Tulilipa duka moja kwa moja kwa nambari yake ya till, sio kwa nambari ya mtu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalojitokeza. Kama duka lina jina moja na till ina jina lingine kabisa, simama. Uliza. Mwenye duka halali hatakasirika.

Kama duka linakubali ulipe polepole, ni sawa, lakini pata karatasi inayosema bei imefungwa, mali ni ya aina gani, itachukuliwa lini, na utarudishiwa nini ukishindwa kumaliza. Kila malipo yaingie kwenye karatasi hiyo.

Tulimlipa fundi kwa hatua. Sehemu ya kwanza mbao zilipokaa, ya pili mabati yalipokamilika, na ya mwisho baada ya mvua ya kwanza kunyesha bila kuvuja. Mwelezeni mapema, kwa heshima, kabla kazi haijaanza. Fundi wetu alicheka akasema, "Sawa tu, boss, mvua ndiyo inspekta."

Mwisho, jihadhari na mabati ya mtandaoni. Tangazo linasema "bei ya kiwanda, leo tu", unaambiwa tuma nusu ndipo lori litoke. Mara nyingi hakuna lori. Hata picha nzuri na nembo ya kampuni si ushahidi. Piga nambari rasmi ya kampuni uliyoitafuta mwenyewe, au lipa mali ikiwa mbele yako. Na hakuna muuzaji, fundi wala mhudumu wetu atakayehitaji PIN yako. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, tupigie papo hapo. Kila dakika inayopita inampa mwenzako nafasi ya kutoa pesa.

Tulichagua nini?

Tulichukua mabati ya aluzinki, mazito kuliko yale ya kwanza, ya rangi ya krimu badala ya maruni. Dada alinuna siku mbili. Kaka alikubali tofauti ya bei ya vigae iende kwa tangi la lita 5,000 na gata pande zote. Silingi tuliiacha ya mwaka unaofuata. Mali ilipofika, tulimwomba mpwa wetu asimame na mizani kabla chochote hakijashushwa, akatutumia picha ya kila alama.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi nikampigia Mama kujua kama kuna pahali panapovuja, maana fundi alikuwa anasubiri salio lake.

"Ngoja kwanza, mwanangu," akasema, "sikusikii vizuri, inanyesha tena." Nikasubiri. Nikasikia bati likilia, halafu maji yakianguka ndani ya tangi. "Mlipe fundi," akasema.

Nikamlipa, na ujumbe wa malipo hayo nikauhifadhi pamoja na mingine.

Kabla hujalipa, hakikisha una majibu haya

- Bati ni milimita ngapi, na limepakwa zinki au aluzinki gramu ngapi?
- Nambari ya kibali cha KEBS imejibiwa na 20023?
- Bei imejumuisha riji, misumari, gata na usafiri?
- Bati moja linafunika upana gani baada ya kulaliana?
- Jina la till ni la duka unalolijua?
- Fundi amekubali kulipwa kwa hatua?
- Nani atakuwepo mali ikishushwa?

Kama swali moja halina jibu, pesa ikae kwenye akiba kidogo.